Mbwa mdogo wa nyumbani: kumchagua na kumtunza Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Kabla ya kununua mbwa mdogo, nunua mizani. Ile ya jikoni inayopima unga wa keki hadi kilo 5 inatosha kwa mbwa asiyezidi uzito huo. Makosa mengi yanayoua mbwa hawa yanatokana na uzito ambao hakuna aliyeupima: dawa ya kupe iliyokadiriwa kwa macho, mtoto wa mbwa aliyelala njaa, kidonge cha binadamu kilichotolewa kwa huruma. Mbwa wa kilo 30 anaweza kustahimili makosa kama hayo. Wa kilo 2 hana akiba hiyo mwilini.

Anza na hewa ya mji wako

Watu wengi huchagua mbwa kwa sura. Anza na mji unaoishi.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 30 miezi mingi ya mwaka, tena likiwa na unyevu wa ziwa. Mbwa hatoki jasho kama sisi; hujipoza kwa kuhema. Mbwa wenye uso bapa, yaani Pug, Pekingese, French Bulldog na kwa kiasi fulani Shih Tzu, wana njia nyembamba za hewa, na hewa ikiwa na unyevu kuhema kwao hakuwasaidii sana. Kama nyumba yako ni ya mabati bila dari, iwe Nyalenda, Manyatta au Obunga, usimlete Pug humo. Saa nane mchana nyumba hiyo ni tanuri. Chihuahua wa manyoya mafupi ndiye anayeizoea Kisumu kwa urahisi kuliko wenzake. Maltese pia anafaa ukimpunguzia manyoya yabaki sentimita 2 au 3. Usimnyoe hadi ngozi, kwa sababu ngozi yake nyeupe huungua na jua.

Japanese Spitz na Pomeranian wana manyoya ya tabaka mbili. Usiwanyoe hata kama unawahurumia kwa joto. Tabaka la ndani likikatwa, manyoya yanaweza kurudi yakiwa na mabaka au yasirudi kabisa. Kinachowasaidia ni sakafu ya vigae au saruji, kivuli, na feni wakati wa mchana.

Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, usiku ni wa baridi, na Juni hadi Agosti baridi huzidi. Spitz, Pomeranian na Shih Tzu wanastarehe huko, vilevile Eldoret na Kericho. Chihuahua atatetemeka: anahitaji sweta na kitanda kilichoinuliwa angalau sentimita 10 kutoka sakafuni. Kakamega, Vihiga na Bungoma shida ni mvua. Nyasi ni ndefu, tope halikauki, kupe ni wengi, na manyoya marefu yanayogusa ardhi yatakupa kazi kila jioni.

Jambo la pili ni watu wa nyumbani. Chihuahua mzima ana kilo 1.5 hadi 3, na mifupa ya miguu yake ni myembamba kiasi kwamba akianguka kutoka mikononi mwa mtoto inaweza kuvunjika. Nyumba yenye watoto chini ya miaka 6 ichukue mbwa mwenye mwili zaidi: Shih Tzu, kilo 4 hadi 7, au Spitz, kilo 5 hadi 10. Spitz hubweka sana, na katika ploti ambayo wewe na jirani mnatenganishwa na ukuta mmoja tu, utaitwa na mwenye nyumba. Dachshund ana mgongo mrefu ambao pingili zake huumia kwa kuruka na kupanda ngazi, kwa hiyo hafai ghorofa ya tatu isiyo na lifti, labda uwe tayari kumbeba kila siku. Maltese, kilo 3 hadi 4, ni mpole na anapenda kubebwa, ila manyoya yake yanataka dakika 15 za chanuo kila siku. Kama huna dakika hizo, usimchukue.

Na kama unachotaka ni mwenzi mdogo, mchangamfu, asiyeugua ovyo, mbwa koko mwenye mwili mdogo aliyelelewa ndani tangu utotoni ni chaguo zuri sana. Huko ndiko mwenye bajeti ndogo angeanzia. Pesa zinazobaki zilipe chanjo.

Siku ya kununua

Usitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kumwona mbwa kwa macho, akiwa pamoja na mama yake. Mama ndiye kipimo cha kweli: utaona ukubwa atakaofikia, tabia, na hali ya mazingira. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta, mbwa akiwa kwenye katoni, mwache aende zake.

Mtoto wa mbwa asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8, na Chihuahua au Pomeranian mdogo akae hadi wiki 10 au 12. Wauzaji huongeza umri, basi mfungue mdomo. Chonge za utoto hutoka kwenye wiki ya 3 hadi ya 4, na magego ya utoto kati ya wiki ya 4 na ya 6. Ukiambiwa ana miezi miwili na huku nyuma fizi ni tupu, ni mdogo kuliko ulivyoambiwa.

Ukiwa bado na mdomo wazi, tazama rangi ya fizi. Ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe ana minyoo ya safura, kupe au viroboto wanaomnyonya damu. Tumbo lililovimba kama mpira na mbavu zimetokeza ni minyoo. Macho yawe makavu, chini ya mkia pawe safi. Mweke sakafuni atembee hatua kumi: akiruka hatua moja kwa mguu wa nyuma ulioinuliwa kisha akaendelea kawaida, huenda kifuniko chake cha goti kinateguka, kasoro ya kurithi iliyo ya kawaida kwa mbwa wadogo.

Kadi ya chanjo iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, tarehe, na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kadi iliyojazwa kwa kalamu tu si ushahidi. Akiuzwa kama mbwa wa ukoo halisi, omba cheti cha East Africa Kennel Club, na ulinganishe jina la mama na huyo mama unayemwona.

Jihadhari na neno "teacup". Si aina ya mbwa. Ni mtoto dhaifu kuliko wenzake, au aliyezalishwa na wazazi waliodumaa, na bei yake huwa ya juu kwa kasoro hiyohiyo inayofupisha maisha yake.

Siku 14 za kwanza

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto wa mbwa mdogo ana ini dogo na mafuta kidogo mwilini, kwa hiyo sukari ya damu hushuka upesi akikosa chakula, akipata baridi au akichoka kwa kuchezewa kutwa. Hadi afikishe miezi 4, mpe chakula kila baada ya masaa manne mchana, cha mwisho saa tano usiku, na cha kwanza saa kumi na moja alfajiri. Mpime kila asubuhi na uandike. Uzito ukibaki palepale siku mbili, au ukishuka hata gramu 30, usisubiri.

Dalili za sukari kushuka: anayumba, macho yanakodoa bila kuona, anatetemeka, analegea kama kitambaa, kisha degedege. Koroga kijiko kimoja cha chai cha glukosi ya dukani au asali kwa vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu. Chovya kidole, mpake kwenye fizi na ndani ya mashavu, rudia kila dakika mbili. Usimmiminie kooni, kwa kuwa asiyeweza kumeza atapaliwa na maji yataingia mapafuni. Mfunge kwenye taulo pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo. Akisimama mpe chakula laini papo hapo, kisha nenda kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anacheza. Sukari hiyo hudumu muda mfupi na hali inaweza kurudi usiku.

Adui wa pili ni parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa damu. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, na huletwa ndani na viatu. Chanjo ya mchanganyiko huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Watu huishia sindano ya pili, na kosa ni hilo: kinga aliyopewa na maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya mapema, na ndiyo maana ile ya wiki 16 hairukwi. Mpaka wiki mbili baada ya sindano hiyo asikanyage barabarani wala uwanja wa ploti. Mbebe. Azoee kelele za bodaboda, watoto wa shule na muadhini akiwa mikononi mwako.

Kama nyumba iliwahi kuwa na mbwa aliyeharisha damu, osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha mwaga Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10 ikiwa bado imelowa, ndipo usuuze. Jik juu ya uchafu haifanyi kazi, kwani uchafu wenyewe huimaliza nguvu.

Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili hadi wiki 8, kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Kwa uzito, kila mara.

Chakula

Mbwa mzima wa kilo 3 anayekaa ndani anahitaji gramu 55 hadi 70 za chakula kikavu cha pakiti kwa siku. Wa kilo 5, gramu 90 hadi 105. Gawa mara mbili au tatu. Kikombe si kipimo, kwani vikombe havilingani.

Anayepika nyumbani ana bahati ya kuwa na omena. Zioshe kwa maji moto mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya sufuria, chemsha dakika 15 bila chumvi, zisage nzima na mifupa yake, maana humo ndimo kalsiamu ilimo. Nusu ya sahani iwe omena, kuku asiye na mfupa au ini kidogo mara moja kwa wiki. Theluthi iwe wali au ugali laini. Kinachobaki karoti au malenge yaliyopondwa. Kwa kilo 3, anza na gramu 150 hadi 180 kwa siku, kisha ifuate mizani. Mbavu uzihisi chini ya vidole bila kubonyeza, lakini usizione. Ugali mtupu na mchuzi utamnenepesha huku misuli ikiisha.

Tena mchuzi huo wetu una kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 kwa kila kilo ya mwili zinaweza kuleta madhara, maana yake nusu ya kitunguu cha kawaida inatosha kumdhuru mbwa wa kilo 3, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye, mtu ameshasahau. Mchotee chake kabla ya kukaanga. Chokoleti, zabibu, makadamia na bazoka zisizo na sukari ni marufuku kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali, na miiba ya ngege (tilapia) hukwama kooni. Mahindi yaliyoota kuvu, au vumbi lake linalouzwa kwa bei rahisi kama chakula cha mbwa, yana sumu inayoharibu ini. Kinachokataliwa jikoni kwa sababu ya kuvu kisipelekwe kwenye sahani yake.

Kupe, na dawa za ng'ombe

Agroveti za magharibi zimejaa dawa za ng'ombe, na hapo ndipo hatari ilipo. Chukua ivermectin ya sindano ya asilimia 1: kila mililita ina miligramu 10, kipimo cha ng'ombe wa kilo 50. Ukitumia kipimo hichohicho kwa mbwa wa kilo 2.5 utapata mililita 0.05, tone moja. Hakuna anayepima tone kwa sirinji ya mililita 5. Anayempa "kidogo tu", nusu mililita, amezidisha mara kumi, na mbwa huyo anaweza kupofuka, kutetemeka na kuzimia. Amitraz ya kuogeshea mifugo nayo haifai watoto wa mbwa wala Chihuahua: huwalegeza, hushusha joto la mwili na mapigo ya moyo.

Tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa na kwa kilo zake. Dawa ya fipronil ya kupulizia inafaa hata watoto wa mbwa. Vidonge vya kutafuna vya kuzuia kupe, vingi vyao, huanza na mbwa wa wiki 8 na kilo 2. Usinunue cha mbwa mkubwa ukakikata vipande, kwani dawa haijasambaa sawa ndani yake.

Dawa haiondoi kazi ya vidole. Kila jioni pitisha ncha za vidole ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia na chini ya kola. Kupe mdogo huhisika kama punje ya mchele. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja polepole bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa. Yataunguza ngozi ya mbwa, na kupe anayesumbuliwa akiwa bado amejishika anaweza kumwachia mate yenye vijidudu.

Kupe wa kahawia wa mbwa huishi nyumbani: kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya mlango, chini ya kochi. Wengi hawako juu ya mbwa. Ukimtibu yeye peke yake watarudi baada ya siku chache, kwa hiyo ziba nyufa, fua matandiko kwa maji moto, pulizia chumba mbwa akiwa nje, na usimrudishe kabla hapajakauka.

Akikataa chakula, akawa na joto, fizi zikapauka, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa au damu ikamtoka puani, hiyo ni homa ya kupe hadi daktari aseme vinginevyo. Mpeleke siku hiyohiyo, apimwe damu. Usimpe Panadol: kidonge cha miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 3 ni sumu ya ini. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, kama ibuprofen na diclofenac, hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Penye sakafu ya udongo angalia pia funza kwenye nyayo. Doa jeusi lenye duara jeupe linalomfanya ajirambe ni yeye.

Manyoya, meno, shingo

Manyoya marefu huanza kufungamana nyuma ya masikio, kwapani na mapajani. Chana kabla ya kuosha, kamwe si baada, kwani fundo likilowa hukaza kama uzi wa sufu. Shika manyoya karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili usimvute, anza kuchana nchani, rudi ndani kidogo kidogo. Chanuo la chuma lipite hadi ngozini; brashi hulainisha juu na kuficha fundo chini. Mwoshe kila wiki mbili au tatu kwa shampuu ya mbwa na maji ya uvuguvugu, pamba kavu ikiwa masikioni, na umkaushe hadi ngozini. Unyevu ulioachwa chini ya manyoya, hasa Kisumu, huzaa vidonda siku mbili baadaye.

Pua na macho ya Shih Tzu na Pug zifutwe kila asubuhi. Jicho likifumba upande mmoja au likigeuka la buluu, ni la daktari leo, si kesho.

Meno ndiyo yanayosahaulika. Kinywa ni kidogo na meno ni mengi, hivyo ugaga huanza mapema. Piga mswaki laini wa mtoto mara tatu kwa wiki au zaidi, kwa dawa ya meno ya mbwa au maji matupu. Ya binadamu ina vitu asivyopaswa kumeza. Akifika miezi 7 na chonge za utoto bado zimesimama kando ya mpya, zing'olewe.

Mbwa wadogo wengi wana koo laini. Kikohozi kama cha bata anapovutwa ni dalili yake. Kola ibebe jina na namba ya simu tu. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani.

Matembezi Kisumu yawe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa mkono kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, nyayo zake hazitaweza. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akihema kwa kelele, mate yakawa mazito na fizi nyekundu sana, mlowanishe kwa maji ya kawaida ya mfereji, mweke mbele ya feni, ukome akifika 39.5, kisha mpeleke kwa daktari.

Kichaa cha mbwa

Sindano ya kwanza ni miezi 3, halafu kila mwaka, hata kwa mbwa asiyetoka nje. Kaunti nyingi hufanya kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia ofisi ya mifugo ya wadi yako. Hifadhi cheti. Mtu yeyote akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali mara moja.

Jike na kuzaa

Jike mdogo hushika joto, yaani huanza kutaka dume, kati ya miezi 6 na 12, na hali hiyo hudumu wiki tatu hivi. Koko wa mtaani ataruka ua, na mimba ya mbwa wa kilo 20 kwenye tumbo la kilo 3 mara nyingi huishia kwenye kisu cha daktari. Kama huna mpango wa kuzalisha, afungwe kizazi. Daktari ampime kilo upya asubuhi ya upasuaji, na asifungishwe chakula usiku kucha kama mbwa mkubwa; uliza ni saa ngapi hasa.

Ukizalisha, jike awe na zaidi ya kilo 2.5, amepita miaka miwili, na dume asimzidi mwili. Mimba ni siku 63 hivi. Kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni: likishuka chini ya nyuzi 37.5, atazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ute wa kijani ukatangulia kabla ya mtoto wa kwanza, ni kwenda kwa daktari usiku huohuo, kwa hiyo uwe umeshapata namba ya anayefanya upasuaji na umeshakubaliana na mwenye tuk-tuk.